Maswali ya "dhoofisha hoja" ya sababu na matokeo: tupeane uzoefu

Mwanzisha uzi, Lamu (Mkomani)

Assalaam aleikum ndugu zangu. Najiandaa kwa LSAT, mtihani wa kuingia vyuo vya sheria Marekani. Tangu Agosti 2024 yale mafumbo ya kupanga watu na viti yameondolewa, na sehemu za hoja zinazohesabiwa alama sasa ni mbili, kila moja dakika 35. Ukiwa dhaifu kwenye hoja, huna pa kujificha.

Mimi huanguka pale swali linaposema A na B vimeonekana pamoja, kwa hiyo A ndiyo iliyoleta B, kisha tunaulizwa ni lipi, likiwa kweli, litaidhoofisha hoja hiyo zaidi. Miezi miwili nzima nilitafuta jibu la kuonyesha kwamba B haikutokea. Halipo! B imeshatokea na hakuna anayebisha. Ugomvi wote uko kwenye lile "kwa hiyo".

Aliyenifungua macho ni babu yangu, aliyefuga punda tangu ujana. Tulikuwa barazani, jirani akasema punda wanaotibiwa hufa wengi kuliko wasiotibiwa, basi sindano ndizo zinazowamaliza. Babu alikuwa akisokota kamba ya makumbi, hata macho hakuinua. Akamuuliza, "Na hupelekwa punda gani kutibiwa, mzima?" Nikapanda juu mbio kuchukua daftari. Ugonjwa ulitangulia sindano. Na nyinyi je, mlifunguka vipi?

Mchangiaji, Malindi

Dada, mimi nilielewa kwa uchungu, maana baba yangu ni mvuvi. Mwaka 1998 matumbawe ya pwani yetu yalikufa kwa wingi, yakabaki meupe kama mifupa. Nimekua nikisikia watu wakisema, "Wavuvi wanakokota nyavu, matumbawe yamekufa, wavuvi ndio waliyaua." Baba alikuwa ananyamaza tu.

Nilipoanza mazoezi ya maswali haya niliiandika hoja hiyo kwenye karatasi nikajiuliza: je, kuna mahali ambapo sababu haikuwepo lakini matokeo yakawepo? Papo. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968, na ndani yake kuvua hakuruhusiwi. Matumbawe ya humo nayo yalikufa mwaka huohuo. Kilichoyapata ni joto la maji wakati wa El Nino.

Siku hizi hilo ndilo swali langu la kwanza nikisoma machaguo: wapi A haipo na B ipo? Wapi A ipo na B haipo? Nikimsomea baba jibu la namna hiyo huniambia nilirudie.

Mchangiaji, Lamu (Langoni)

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nitaleta malaria. Jina lenyewe kwa Kitaliano lilimaanisha hewa mbaya. Watu waliona wanaoishi karibu na vinamasi wakiugua, wakafunga madirisha usiku, na kweli ikasaidia. Hoja ikaonekana imara! Mwaka 1897 Ronald Ross, akiwa India, akakikuta kijidudu cha malaria ndani ya mbu. Dirisha lilikuwa linamzuia mbu. Kinamasi kilileta harufu, kikaleta na mbu, na lawama ikaangukia harufu. Nikikutana na vitu viwili vinavyokwenda sambamba, natafuta cha tatu kilichovizaa vyote.

Mchangiaji mwingine, Malindi

Basi ni rahisi: ukipata sababu nyingine, hoja imekufa. Tia alama, songa mbele.

Mwanzisha uzi

Hapana kaka, na hapo ndipo nilipopoteza alama nyingi. Swali halikuagizi uiue hoja. Linataka jibu litakalomfanya msomaji aiamini kidogo kuliko alivyoiamini mwanzo. Tena jibu lenyewe unalichukua kuwa ni kweli, hata kama kwenu mambo si hivyo. Niliwahi kuliacha jibu sahihi kwa kuwa nilijisemea, "Lakini A inaweza bado kuchangia." Inaweza, na jibu linabaki kuwa sahihi.

Mchangiaji, Malindi (mtoto wa mvuvi)

Naunga mkono. Hata ule mfano wangu hausemi nyavu za kukokota hazina madhara. Zinavunja matumbawe, baba mwenyewe anakiri. Unasema tu kwamba kwa kifo cha 1998, uvuvi peke yake hautoshi kuwa maelezo. Ukitaka zaidi ya hapo utachagua lile jibu kali lenye "kamwe", ambalo mara nyingi linazungumzia jambo jingine kabisa.

Mwanzisha uzi

Jana usiku nimefanya kumi, nimekosa mbili. Moja nilichagua jibu linaloipa hoja nguvu kwa sababu nilisahau tumeulizwa nini. Sasa nalipigia mstari neno "dhoofisha" kabla sijasoma chochote. La pili bado linanisumbua: kila aliyehama mjini alikuwa amepandishiwa kodi ya nyumba, kwa hiyo kodi ndiyo iliyowahamisha. Nikachagua "baadhi ya waliohama walipata kazi kwingine". Jibu lilikuwa "waliobaki nao walipandishiwa kiasi kilekile". Nimelala nalo, nimeamka nalo. Muuguzi, hebu nieleze ungelifikiaje.

Mchangiaji, Lamu (Langoni)

Ningeanza na waliobaki. Swali limewataja waliohama tu, na wewe ukawafuata hao hao.