Tupeane uzoefu: ukiulizwa "unafanya kazi gani?" unajibuje?

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mtaalamu wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kabla ya upasuaji. Nikijitambulisha hivyo, wengi hudhani nachoma sindano kisha naenda zangu. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Dawa ya kulegeza misuli ikishaingia, mgonjwa hawezi kupumua mwenyewe. Mimi ndiye nampumulia, kwa mashine au kwa kuminya mfuko wa hewa kwa mkono, huku macho yangu yakiwa kwenye mapigo ya moyo, presha na oksijeni. Mpasuaji anashughulika na kidonda, mimi nashughulika na uhai. Siku hizi nasema: "Nakaa na mgonjwa tangu analala hadi anaamka, nahakikisha anapumua na hasikii maumivu." Hapo hata bibi kizee ananielewa, na maswali yanayofuata huwa mazuri. Cheo kitupu naona hakimwambii mtu kitu. Ninyi je?

Mchangiaji wa 1: Mkalimani wa lugha ya alama hapa. Wengi wanadhani ni kupunga mikono tu, wakati uso nao ni sehemu ya sarufi: katika lugha nyingi za alama, nyusi zikipanda, maelezo yanageuka swali. Akili inachoka haraka, ndiyo maana kwenye mkutano mrefu tunakuwa wawili, tunapokezana kila dakika 20 au 30. Mimi hujibu: "Kiziwi na daktari wake wakitaka kuelewana, naitwa mimi." Nataja daktari makusudi, maana hapo mtu anaona uzito wake.

Mchangiaji wa 2: Nahudumu mochwari. Nikitaja tu, kuna wanaorudisha mkono, na inauma. Sasa nasema naosha na kuvalisha marehemu ili ndugu zake wamuage kwa heshima. Aliyewahi kufiwa hunishukuru papo hapo.

Mchangiaji wa 3: Mleta mada, natofautiana nawe kidogo. Kwenye usaili cheo kinatakiwa, ndicho kilichoandikwa kwenye tangazo la kazi.

Mleta mada: Kweli mkuu. Kwenye usaili anza na cheo, kisha taja kazi moja uliyoifanya ikaonekana.

Mchangiaji wa 4: Na sisi ambao kwa sasa hatuna ajira?

Mchangiaji wa 5: Taja ujuzi wako, ndugu yangu. Nilipokuwa sina kazi nilisema, "Mimi ni fundi umeme, natafuta kazi." Jirani wa kiti kwenye basi alinisikia, akanipa namba ya bosi wake.