MREJESHO: Pairometa ilikuwa inanidanganya (Masasi)

Salaam wakuu. Mwezi uliopita niliuliza kwa nini pairometa yangu ya bunduki (kipima joto cha mbali, kinachosoma mnururisho wa chuma) inasoma nyuzi 1190 tu, ilhali chuma cha kusubu kimeshakuwa uji tanurini, na puli za mashine ya kubangua korosho zinatoka na matundu.

Mkuu uliyesema shida ni emisiviti (kiwango cha uso kutoa mnururisho wa joto, kati ya 0 na 1), heshima kwako. Bunduki ilikuwa imewekwa 0.95. Chuma kioevu kikiwa safi ni karibu 0.3 hadi 0.4 tu, maana kinang'aa kama kioo na hutoa mnururisho kidogo. Ndiyo maana nikikwangua taka za juu namba inashuka! Nilidhani kifaa kimekufa.

Nikaazima thamokapo (kipima joto cha nyaya, cha kuchovya) ya platina, aina ya S, kwa jamaa wa Dar. (Yangu ya aina ya K mwisho wake ni kama 1260, ingeteketea.) Nikaichovya: 1340. Tofauti ya nyuzi 150! Kumbe siku zote nilikuwa naongeza mkaa nikidhani chuma kimepoa, na ndiko kukiunguza.

Sasa nimeweka 0.38, napima palipokwanguliwa tu. Juzi tumemimina puli sita, tano safi. Ya sita mchanga ulikuwa na unyevu, hilo kosa langu.

Aliyeuliza jinsi ya kupima mnato (uzito wa chuma kioevu kutiririka): maabara huelesha tone la chuma hewani kwa sumaku-umeme. Kasi ya mtetemo wake hutoa mvutano wa uso (nguvu inayoshikilia tone liwe duara), na jinsi mtetemo unavyofifia hutoa mnato. Mimi huku bado natazama tu kinavyojaza kalibu.