Monet kwa siku mbili Paris: nianze Marmottan au Orangerie?

MwalimuSanaa_Kisumu
Wadau, hamjambo? Mwezi ujao nitakuwa Paris Jumatatu na Jumanne tu. Makumbusho ya Orsay ni makubwa mno kwa muda huo, nataka makumbusho madogo yenye kazi za mchoraji Mfaransa Monet. Nimepanga Marmottan Jumatatu, Orangerie Jumanne. Ndani ya Marmottan nianzie wapi?

Jabali_Nakuru
Geuza ratiba, mwalimu. Marmottan hufungwa Jumatatu na Orangerie hufungwa Jumanne, kwa hivyo ulivyopanga utagonga milango miwili bure. Jumatatu nenda Orangerie, saa tatu asubuhi hadi kumi na mbili jioni. Marmottan hufunguliwa saa nne. (Tovuti zao huandika 9, 10 na 18, usizisome kwa saa zetu.) Orsay nayo hufungwa Jumatatu na watu humiminika Orangerie, basi nunua mapema mtandaoni tiketi yenye saa yako ya kuingia.

Kwenda Marmottan panda metro laini ya 9, ushuke La Muette, ukatize bustani ya Ranelagh kama dakika kumi hadi namba 2, rue Louis-Boilly. Ile pasi ya pamoja ya makumbusho ya Paris haikubaliwi hapo. Orangerie inakubaliwa.

NyarDunga
Ukiingia Marmottan, teremka kwanza ukumbi wa chini, kazi za Monet ziko huko. Nyingi ziliachiwa makumbusho na mwanawe Michel, mwaka 1966.

Watu hurundikana mbele ya *Impression, soleil levant* (Taswira, jua linachomoza) ya 1872, wakapiga picha na kuondoka. Ni turubai ndogo, sentimita 48 kwa 63. Itazame kutoka mita tatu hivi ndipo usogee. Lile jua la rangi ya chungwa linawaka kwa sababu limezungukwa na buluu ya kijivu, wala si kwamba limepakwa rangi angavu zaidi. Kabla ya safari, ichukue picha yake mtandaoni uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe kwenye simu: jua linakaribia kupotea. Zoezi hilo darasani lina faida kuliko kukariri tarehe.

Kisha tafuta daraja la Kijapani la bustanini kwake, alilochora uzeeni. Limejaa nyekundu na kahawia. Monet alikuwa na mtoto wa jicho, na lenzi ya jicho ikigeuka manjano huzuia buluu. Alipasuliwa 1923. Linganisha na mayungiyungi ya miaka ya nyuma, tofauti utaiona mwenyewe. Ukibakiwa na muda, kazi za mchoraji Berthe Morisot zisikupite.

BrashiPana
Nyongeza: huo mchoro wa jua huazimwa. Mwaka 2024 ulikuwa Orsay kwa maonyesho ya miaka 150 ya Impreshonisti, mtindo wa uchoraji wa akina Monet. Hakikisha upo kabla ya kulipa.

Orangerie ina kazi nane za mayungiyungi, kimo chake mita mbili, katika vyumba viwili vya mviringo. Mwanga wa jua huingia kupitia dari, kwa hiyo wingu likipita rangi nazo hubadilika. Keti katikati ungoje. Anayezunguka na simu mkononi hutoka na picha zilizopinda, maana kuta zenyewe zimepinda.

MwalimuSanaa_Kisumu
Asanteni sana. Jumanne nitakuwa huru kuanzia saa tisa alasiri. Itatosha?

Jabali_Nakuru
Inatosha kwa ukumbi wa chini na Morisot. Ila usichelewe njiani: tiketi huacha kuuzwa kabla ya saa ya kufunga, na ile siku yao ya kukesha hadi saa tatu usiku ni Alhamisi.