Tupeane uzoefu: gari inamisi (silinda moja haiwaki sawa), ni plagi ya cheche au ni mafuta?

Wa Kasarani
Wakuu, jana pale Roysambu Probox mbele yangu ilikuwa inakohoa kila dereva akikanyaga mafuta, nikakumbuka Fielder yangu. Asubuhi inatetemeka, ikipata moto inatulia kidogo, na siku hizi inakunywa petroli vibaya. Fundi mmoja anasema plagi, mwingine koili inayopa plagi umeme, wa tatu anataka kung'oa injekta zote zinazonyunyiza petroli. Aliyepitia haya aliijuaje shida yenyewe?

Binti wa Ngara
Badilisha plagi. Utanishukuru.

Mzee Carina
Usinunue kitu bado, kijana. Fungua plagi injini ikiwa baridi, zipange kwa mpangilio wa silinda, uzitazame. Kahawia iliyofifia, hapo panaungua sawa. Masizi meusi makavu, mafuta yamezidi hewa au cheche ni dhaifu. Nyeupe na ncha imelika, hewa imezidi na silinda inachemka. Ikilowa oili, kagua ringi za pistoni au sili za valvu. Plagi mpya hapo ni pesa ya bure.

Rongai Kwetu
Kweli kabisa mzee. Zangu zilitoka nyeusi tititi, kumbe sensa ya joto la maji inaiambia injini bado ni baridi, kwa hivyo inazidi kumwagiwa petroli.

Mama Pacha
Mimi hii mada imenirudisha Mai Mahiu. Tunapanda kurudi Nairobi, shemeji kwenye usukani, mama mkwe nyuma na watoto. Taa ya injini ikaanza kuwaka na kuzima, gari ikaisha nguvu, trela nyuma inapiga honi. Nikamwambia shemeji simama, akasema tufike juu kwanza. Aliposimama, alisimama juu ya nyasi kavu. Moshi ukatoka chini, halafu moto! Nilivuta watoto kwa mikono, mama mkwe akatoka bila viatu. Wauza mahindi ndio walituokoa, walimwaga mchanga hadi ukazima. Fundi alikuta koili moja imekufa: petroli ya silinda hiyo ilitoka bila kuungua, ikaenda kuungulia ndani ya katalitiki, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, mpaka ikawa nyekundu. Taa hiyo ikipepesa, zima injini. Usingoje kilima kiishe.

Rongai Kwetu
Woi! Poleni sana dada.

Binti wa Ngara
Na mama mkwe bado anapanda hiyo gari?

Mama Pacha
Anapanda, lakini anakaa mlangoni.

Spana Mkononi
Mnazunguka tu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Lazima gari za hapa zikule mafuta.

Mzee Carina
Hiyo ni ya kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Pickup ya zamani iliyotegwa Mombasa ikifika hapa itatoa moshi mweusi mpaka irekebishwe. Fielder ina sensa ya hewa na ya oksijeni, inapunguza mafuta yenyewe.

Spana Mkononi
Mzee, mimi nafungua injini kila siku. Usinifundishe kazi.

Mzee Carina
Basi usimuuzie kijana mlima.

Wa Kasarani
Wazee, tafadhali msigombane. Nimefungua. Tatu ni kahawia, ya silinda ya 2 ni nyeupe. Mashine ya kusoma hitilafu inatoa P0302, yaani silinda ya 2 inamisi.

Rongai Kwetu
Hamisha koili ya silinda ya 2 uiweke kwa silinda ya 3, na ya 3 uilete kwa ya 2. Ikisoma P0303, koili ndiyo mbovu.

Mzee Carina
Ajaribu, ni bure. Lakini nyeupe kwa silinda moja tu inanipeleka kwa injekta iliyoziba, au hewa inavuja kwenye gasketi ya menifoldi, bomba la kuingiza hewa kwenye silinda, karibu na silinda hiyo. Injini ikinguruma, nyunyiza maji kidogo hapo kwenye maungio, mbali na waya. Mlio ukibadilika, umepata.

Spana Mkononi
Hapo kwa gasketi nakubali. Ikipata moto inatanuka na kuziba, ndiyo maana inatulia.

Binti wa Ngara
Na plagi abadilishe bado.