Tupeane uzoefu: saketi uliyojiungia nyumbani ikagoma, tatizo ulilikuta wapi?

Mwanzisha uzi, Chang'ombe, Dodoma
Wakuu, salaam. Naanza mimi. Mwezi wa sita niliunga saketi ya kudhibiti joto la mashine yangu ya kutotolesha vifaranga: thamista (kihisi joto), LM358 (chipu inayolinganisha volti), transista ya BC547 (hapa ni swichi ya umeme mdogo) na rilei ya volti 12 (swichi inayovutwa kwa sumaku) ya kuwasha balbu. Mayai 60 yako ndani, balbu haiwaki, na mnaijua baridi ya Dodoma ya mwezi huo na upepo wake. Joto linatakiwa 37.5, likashuka hadi 29. Mimi na mama watoto tukakesha tunabadilisha chupa za maji ya moto kando ya trei.

Nikaamini transista imekufa. Nikabadilisha tatu, kila moja naifuata mjini kwa bodaboda, na sijapima chochote. Siku ya pili jirani akaniazima mita ya kupimia umeme. Betri nzuri, LM358 inatoa volti, ila mguu wa emita wa transista, unaopaswa kusoma sifuri, unasoma karibu volti 10! Maana yake haujafika hasi ya betri. Nikaubonyeza kwa kijiti cha meno, rilei ikalia "ta!" Nikiachia, inakata. Nilipomulika tochi nikaona risasi ya kuungia imejiviringa kama ushanga, imefifia, na kuna duara jembamba jeusi kuzunguka mguu. Ilikuwa imeukalia tu, haijaushika. Nikakwangua, nikapasha mguu na bati la bodi pamoja, ndipo nikaleta risasi. Ikashika.

Mdau wa Mpwapwa
Pole sana kaka. Mimi tatizo lilikuwa rangi za rizista (kile kinachopunguza mkondo, rangi zake ndizo thamani yake). Naunga usiku kwa taa ya njano, LED inawaka kwa mbali mno kwenye betri ya volti 9. Nilidhani nimeweka omu 1,000 (kahawia, nyeusi, nyekundu), kumbe ile ya mwisho ni chungwa: 10,000. Siku hizi kila rizista naipima kabla haijaingia.

Kondoa
Kapasita ya elektroliti (ile ya kopo, inayohifadhi chaji) niliigeuza, ikapasuka. Upande wenye mstari ni hasi, wakuu.

Fundi redio, Nkuhungu
Mwenye mashine, nakuomba sana: ukipima upande wa volti 12, waya wa balbu uwe umechomolewa ukutani. Kwenye rilei ile kuna volti 230 hapohapo.

Bahi
Mimi bado nimekwama. Nina 7812 (kidhibiti cha kutoa volti 12) kwenye betri ya sola, inatoa volti 10.6. Ni feki?

Mwanzisha uzi
Si feki, ndugu yangu. Betri yako inasoma ngapi?

Bahi
12.5.

Mwanzisha uzi
Basi ndiyo hiyo. 7812 inahitaji iingie volti kama 2 zaidi ya inazotoa, yaani 14 na kuendelea. Unawasha nini?

Bahi
Rilei na kifeni.

Mwanzisha uzi
Ya volti 12 vyote? Toa 7812, unga moja kwa moja kwenye betri, ila weka fyuzi kwenye waya wa chanya.

Bahi
Nimetoa. Kifeni kinazunguka vizuri. Fyuzi naifuata kesho asubuhi, kwa sasa nimechomoa.