Nimebonyeza AUDIO kwenye rimoti nikamkuta dairekta anaongea juu ya muvi, hizi sauti nazipataje?

Mwana_Ngamiani (Tanga)

Wakuu salaam, wakubwa zangu shikamooni. Mie niko Tanga, Ngamiani, kazi yangu kupiga video za harusi na shughuli, na pembeni tuko vijana wanne tunajitengenezea vimuvi vyetu vifupi. Mjomba wangu alikuwa baharia, Mungu amrehemu, kaacha kwa bibi sanduku la DVD za huko alikopita, orijino kabisa na makasha yake, sasa mwezi uliopita bibi kaniita kasema njoo uchukue vitu vya mjomba wako kabla mchwa hawajavimaliza, nikavichukua pamoja na deki lake.

Ijumaa usiku nikaweka El Mariachi ya Robert Rodriguez, ile ya 1992. Gizani nataka kuongeza sauti nikabonyeza kitufe siko, juu ya skrini likatokea neno AUDIO na namba, mara muziki ukashuka na maneno ya waigizaji yakawa kwa mbaali, akaanza kuongea mtu mmoja kwa Kiingereza, mbio mbio kama anamsimulia rafiki yake barazani. Nikajua deki limekufa. Nasikiliza vizuri kumbe ni dairekta mwenyewe! Na haachi, muvi inakwenda yeye anakwenda nayo, kila sini anakwambia aliipigaje.

Jamani. Huyu bwana muvi nzima kaipiga kwa kama dola 7,000, kamera moja, hana timu, na kamera yenyewe ilikuwa hairekodi sauti. Kwa hiyo akimaliza kupiga picha anamwambia mwigizaji rudia maneno yako yale yale anayarekodi na tepu pembeni, halafu kwenye kuediti anayabandika, akiona mdomo umeanza kuachana na sauti anakata anakuonyesha kitu kingine, mbwa, uso wa mtu mwingine, chochote, akirudi maneno yashakaa sawa. Na zile picha zinazotembea laini kama za muvi kubwa, kakaa kwenye kiti cha magurudumu cha wagonjwa anasukumwa! Mie nimeangalia hiyo muvi mara tatu maishani sijawahi kuona hata sehemu moja iliyokatwa kwa kuficha mdomo, sasa naziona zote.

Sikulala. Jumamosi asubuhi tumechukua guta la jirani, mmoja anasukuma mie nimekaa mbele na kamera magotini, barabara ya kwenda Raskazone pale palipo na lami nzuri, tumepunguza upepo wa matairi kidogo lisirukeruke. Picha imetoka laini, wallahi nimeirudia mara kumi.

Sasa naombeni msaada. Hizi sauti zinaitwaje, ziko kwenye DVD zote au baadhi, na kwa nini muvi ninazojaziwa kwenye flashi hapa mjini sijawahi kuikuta hata moja? Naweza kuitoa hii sauti nikaihifadhi maana CD nyingine zishaota ukungu? Na wenzangu wawili Kiingereza hakipandi, nimejaribu kuwatafsiria huku inacheza nimeshindwa, nikimaliza sentensi moja yeye yuko ya nne.

Fundi_Madeki (Tanga)

Mdogo wangu hiyo ni trak ya maelezo, wengine wanaita komentari. Nyuma ya kasha soma yale maandishi madogo madogo, wakitaja commentary basi ipo. DVD inaweza kubeba mpaka trak 8 za sauti kwa picha ile ile moja, ndiyo maana unakuta lugha tatu nne, na mojawapo wakitaka wanamweka dairekta.

Kwa nini kwenye flashi haipo, ngoja nikupigie hesabu. DVD orijino ya tabaka mbili ni GB 8.5. Anayekujazia flashi anataka muvi iwe MB 700 ili ziingie nyingi. Trak ya maelezo kwa kawaida ni kilobiti 192 kwa sekunde, muvi ya masaa mawili ni sekunde 7,200, zidisha, gawa kwa 8 maana biti 8 ni baiti moja, unapata kama MB 170. Yaani robo ya faili zima iende kwa mtu anayeongea, hakuna mfanyabiashara atakayekubali. Kwa hiyo anabakiza sauti moja, anatupa maelezo, anatupa sini zilizokatwa, menyu yote na bonasi zake. Wewe unajua umeuziwa muvi kamili kumbe umeuziwa nyama bila mchuzi.

Kuhifadhi: kompyuta yenye mlango wa DVD na programu ya MakeMKV, weka tiki kwenye trak ZOTE za sauti na subtaito zote, itatoka faili ya MKV kubwa kidogo lakini kila kitu kimo. Ukiifungua kwa VLC, programu ya kuchezea video, nenda Audio halafu Audio Track unachagua. Ukitaka kuipunguza kwa HandBrake angalia sana, ukiiacha ijichagulie yenyewe mara nyingi inachukua trak ya kwanza tu, na wewe ndo utakuwa umeitupa kwa mkono wako.

Kingine, mjomba wako alinunua huko na huko, zitakuwa na rijeni tofauti, yaani namba ya eneo la dunia ambalo DVD imetengenezewa. Marekani ni 1, Ulaya 2, sie Tanzania tuko 5. Haya madeki ya Kichina mengi yanasoma zote, lakini drayivu ya kompyuta inaweza kukuuliza ubadili rijeni, na inakubali mara 5 TU, ya tano ikipita imejifunga hapo hapo. Usibonyeze ovyo.

Ukungu: maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, kipande cha khanga kuukuu iliyolainika. Futa kutoka katikati kwenda ukingoni, mstari ulionyooka, usizungushe. Mkwaruzo wa kuzunguka unafuata njia ya data unaila ndefu, ule wa kukatisha deki linaruka linaendelea. Halafu zikauke kivulini, siyo juani. Hii hewa yetu ya chumvi usiziache sandukuni hata wiki moja zaidi.

MuviNiMuvi

Mimi naona kama mnaharibu. Muvi nzuri ikikushika imekushika, sasa mtu akishakwambia hapa damu ni rangi na hapa staringi alikuwa kwenye godoro utaionaje tena? Mpishi hakuiti jikoni.

Baba_Zuhura (Bagamoyo)

Kijana wa Ngamiani, marahaba. Umenifurahisha sana leo.

Mimi nilikuwa na kibanda cha video hapa Bagamoyo miaka ya nyuma, mabenchi na TV moja, na nataka niseme kitu ambacho sijaona mtu anakisema. Sie watu wa pwani kusikiliza mtu anaongea juu ya muvi tulishazoea kabla hata hatujajua hizo DVD. Umemsikia Lufufu? Kapteni Derek Mukandala. Anachukua muvi ya Kihindi au ya Kizungu anakaa na maiki anakusimulia kwa Kiswahili, anamsemea huyu anamsemea yule, na katikati anakutolea ufafanuzi wake mwenyewe. Watu kibandani kwangu walikuwa wanauliza kwanza, imetafsiriwa na nani? Wakisikia Lufufu wanakaa hata chini. Mtoto akiweka ile isiyotafsiriwa wanapiga kelele. Kwa hiyo masikio ya kazi hii tunayo. Tofauti ni moja tu, mtafsiri anakuingiza ndani ya hadithi, na huyu dairekta wako anakutoa nje akuonyeshe ilivyosukwa. Mjukuu akimwangalia bibi anasuka ukili hapotezi mkeka, anajua mkeka ni nini.

Na hii kitu ilianza 1984, Marekani, enzi za leza diski, zile sahani kubwa kama santuri. Kampuni inaitwa Criterion walikuwa wanatoa King Kong, ile ya 1933. Muvi ya zamani sauti yake ni moja tu, na ile sahani ina njia mbili za sauti, kwa hiyo njia moja imebaki wazi. Wakamweka Ronald Haver, mtu wa historia ya filamu kutoka jumba la sanaa la Los Angeles, aongee muvi inavyotengenezwa huku inacheza. Kwa hiyo wa kwanza hakuwa dairekta, alikuwa mtu aliyeipenda na kuichimba. Wale waliocheza na VCD za karaoke wataelewa haraka, upande mmoja muziki mtupu, upande wa pili na mwimbaji, unachagua kwa rimoti. Ni ujanja ule ule.

MuviNiMuvi, mwanangu, wala hujakosea, lakini hiyo ni ya kuangalia mara ya pili. Mara ya kwanza kaa na hadithi yako. Na hapa kwetu mpishi wa shughuli yuko uani, ukitaka kujifunza pilau unakwenda kukaa naye na kinu.

Binti_Chumbageni (Tanga)

Kaka Mwana_Ngamiani, mie nafanya kazi ya subtaito, hilo la wenzako lina dawa. Usitafsiri huku inacheza, hata mkalimani wa kazi hiyo atashindwa. Andika faili la subtaito, linaitwa SRT. Ni maandishi matupu, namba, muda wa kuanza na wa kuisha, halafu mstari wako wa Kiswahili, chini yake nafasi, basi unaendelea. Tumia Subtitle Edit, inakuonyesha mawimbi ya sauti unajua ameanza wapi kuongea. Ukiseva chagua UTF-8, ndiyo namna ya kuhifadhi herufi. Na usitafsiri kila neno, watu wa komentari wanajirudia na wanacheka, wewe chukua lile jambo alilosema. Mistari miwili tu, mfupi, mtu aweze kuisoma na picha aione, maana yote anayoeleza yako kwenye picha, ukimjazia maandishi umemnyima kile kile.

Kabla hujaanza angalia kwanza upande wa subtaito za DVD yenyewe, baadhi wanaweka na subtaito za maelezo kwa Kiingereza, ukizipata umepona nusu ya kazi, hutegi sikio tena.

Tahadhari moja ambayo ilinilaza macho siku mbili. Usichukue SRT ya DVD ya Ulaya ukaiweka kwenye muvi ya Marekani. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, DVD za Ulaya, za mfumo wa TV unaoitwa PAL, wanaikimbiza 25, kwa hiyo muvi ya masaa mawili inaisha karibu dakika tano mapema. Mwanzo utaona iko sawa kabisa, ukifika katikati maneno yamekimbia. Mie nilijua nimekosea mwenyewe nikaanza kurekebisha mstari mmoja mmoja, kumbe Subtitle Edit ina sehemu ya kubadili 25 kuwa 23.976, ndiyo ile 24 kwenye DVD za Marekani, inajirekebisha yote mara moja.

Za kutafuta sandukuni humo: kama mjomba ana zile ndefu za The Lord of the Rings za Peter Jackson, kila moja ina trak NNE za maelezo, dairekta na waandishi peke yao, wabunifu peke yao, watu wa utengenezaji, na waigizaji. Nne! Na Citizen Kane ya DVD yuko Roger Ebert, mchambuzi wa Chicago, huyu anakufundisha kuangalia dari, kivuli, nani kasimama wapi.

Halafu nikuombe kitu. Hiyo muvi yenu ya guta, mkimaliza kuiediti kaeni wanne wote chumba chenye mapazia mazito, simu moja katikati, mcheze muvi sauti mkiivaa masikioni, mpige kofi moja picha ya kwanza inapotokea, muongee mpaka mwisho. Sauti mnaisafisha Audacity, lile kofi ndo la kulinganishia, mnaiunga kwenye MKV kwa MKVToolNix kama trak ya pili bila kugusa picha. Semeni mlipunguza upepo wa matairi kiasi gani. Kuna mtoto Pangani au Muheza anahitaji kulisikia hilo kwa Kiswahili, hakuna mahali lilipo.

Mwana_Ngamiani (Tanga)

Ahsanteni sana, Baba_Zuhura nakushukuru mzee wangu, hilo la bibi na ukili nimewasomea wenzangu wote.

Mrejesho. Fundi, nimefuta CD 31 kwa khanga ya bibi mwenyewe kanipa, 27 zinasoma, nne zimekataa kabisa, moja imechubuka mpaka unaona mwanga. El Mariachi nimeitoa na trak zote mbili iko kwenye hadi diski, na nakala kwa bibi. Rijeni iliniuliza nikafunga haraka sikubonyeza.

Dada Binti, subtaito za maelezo hazipo kwenye hii yangu, nategea sikio. Nimemaliza dakika kumi na moja kwa usiku mitatu, ila jana wenzangu wameangalia hizo kumi na moja, yule mmoja anayepiga kamera akasema simamisha, rudisha pale pa mbwa. Tumerudisha mara sita.

Lord of the Rings ipo moja, ya pili tu, sahani nne zote zimo. Kuna sehemu mbili kwenye hii ya El Mariachi sielewi anataja kifaa gani cha taa, nikate hivyo vipande vya sauti nivitume hapa?

Binti_Chumbageni (Tanga)

Vitume, na uandike ni dakika ya ngapi.