Nashukuru kwa maji ya kisima huku jirani anayanunua. Nifanyeje?

KijanaWaNyali:
Asalaam aleikum nduzangu. Naomba ushauri, na munitukane kidogo tu.

Nyumba yetu Nyali, hapa Mombasa, aliijenga marehemu baba, na kisima kilichomo alikichimba yeye. Mimi sikutoa hata senti. Mfereji ukikauka sisi hatuna habari; tangi limejaa, bustani yamwagiwa maji. Nikitoka getini nawakuta akina mama wa Maweni na mitungi ya lita 20, wamngoja mtu wa mkokoteni. Mamangu nikimtajia huniambia, "Sema alhamdulillahi, ukishukuru utazidishiwa." Nasema. Lakini siku hizi ikinitoka mdomoni naona kama nashukuru kuwa si mimi niliyeshika mtungi. Hiyo ni shukurani kweli?

Nataka kutoa bomba nje ya ukuta watu wateke bure. Kakangu hataki: stima ya pampu nani atalipa, na geti litageuka soko. Mungekuwa nyinyi?

BintiKisauni:
Kaka, mimi ni wa hiyo mitungi, ingawa si wa Maweni. Wewe ukijisikia vibaya mimi sipati hata kikombe. Toa bomba. Ila usije ukanisimamia na simu kunipiga picha, eti sadaka.

MjaWaKuze:
Swahaba Saad bin Ubada alifiwa na mamake, akamuuliza Mtume sadaka ipi bora, akaambiwa maji. Akachimba kisima. Babako keshachimba, yakhe, kilichobaki ni ukuta. Mwambie kakako hiyo ni thawabu ya baba yenu, asimfungie.

Hamali_Kongowea:
Hapo mumenisahau. Mimi ndiye huyo wa mkokoteni. Mukitoa bure mimi nile nini? Watu wadhani nanyonya, na hayo maji nayanunua kwa mwenye kisima, kisha nayasukuma jua la saa saba. Wapishi wa mahamri, wagonjwa, wazee wa ndani ndani, hao hawaji getini kwako. Wa karibu wape bure. Mimi niuzie rahisi niwapelekee wa mbali, na bei ya kuwauzia tukubaliane kabisa.

MlaChumvi:
Nyote mwasema kweli, ila tusimgeuze kijana idara ya maji. Maji ya mji huu yatoka mbali: Mzima kule Tsavo, Baricho, Marere. Bomba la pili la Mzima tumeahidiwa miaka na miaka. Mwenye kisima hana haja ya kupiga kelele, na ndiye mwenye namba za simu za wakubwa. Nyali nzima ikose maji wiki moja tu, muone bomba litakavyoharakishwa! Kwa hivyo gawa, lakini na barua ya malalamiko itie sahihi pamoja na hao wa foleni. Na pampu usiiache mchana kutwa. Karibu na bahari ukivuta kupita kiasi chumvi yaingia, mukose nyote.

KijanaWaNyali:
Hamali, la wazee wa ndani ndani sikuliwaza. Njoo inbox tuzungumze bei. Kaka nimemuonyesha jibu la MjaWaKuze. Amenyamaza, naye si mtu wa kunyamaza.

WakiliWaBure:
Kabla hamjatoboa ukuta, kibali cha kisima kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji kipo? Au kiliisha na marehemu? Kisima cha kumwagilia bustani hakiulizwi na mtu. Ngoja foleni ya kwanza ujue una majirani wangapi wajuao sheria.